Shamba na Mazao: Dawa Iliyo Mlangoni

Likoni, Kisauni na Changamwe, watu hupumzika chini ya kivuli cha mwarobaini na kuchemsha majani yake kwa ajili ya homa. Lakini kokwa zake hufagiliwa zikatupwa jaani, hali kunde na bamia za shamba lililo karibu zinaliwa na viwavi. Kokwa hizo ndizo dawa ya viwavi hao.

Mkulima na aokote matunda yaliyoiva, aondoe nyama yake, aanike kokwa kivulini. Zenye kuvu hazifai. Azibangue, atwange viini gramu 500, avitie katika maji lita 10 na kuviacha usiku kucha. Kisha achuje kwa kitambaa, atie sabuni kidogo ili dawa ishike majani, anyunyize jioni, maana jua huiharibu upesi. Arudie baada ya siku saba.

Wengi huiacha dawa hii kwa kuwa kesho yake humkuta mdudu yu hai. Nguvu yake ni azadiraktini, iliyotambuliwa na wataalamu wa Uingereza mwaka 1968. Hiyo haiui papo hapo, bali humwondolea mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba. Naye asipojivua hakui, hufa.

Asiyengoja hukimbilia sumu kali ya dukani, akainyunyiza juu ya mboga atakazouza Kongowea kesho. Hasara yake ni fedha. Ya mlaji ni afya. Heri kungoja siku chache.