Tonto, kasiksi na mto Lhubiriha

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini pombe ya ndizi ilikuwa imetangulia. Mkonzo wa Bwera anaiita tonto. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kivu nzima inajua kasiksi. Ni ileile: ndizi mbivu zinakamuliwa kwa miguu na majani, juisi inatiwa maji na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha inaachwa ichachuke. Siku chache tu, imeharibika.

Kwa hiyo tonto ya Kasese haiwezi kutegemea Kampala, zaidi ya kilomita 350. Soko la karibu ni Kasindi. Uganda iliipunguzia ushuru bia ya mtama wa nyumbani, na Eagle ikampa mkulima mnunuzi. Mwenye migomba hakupata mlango kama huo. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Je, mama mwenye madumu mawili pale Mpondwe amekiona? Tonto isiponunuliwa mapema haimwagwi. Inapikwa waragi, na (walevi wenzangu mnisamehe) huko ndiko maafa huanzia.