Tuzipime chembe moja moja

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mkazi wa Modogashe, hapa kwenye njia panda ya Garissa, Isiolo na Wajir, hahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Nami, nikiwa mwalimu wa sayansi, huitumia darasani kuwaonya wanafunzi wasidharau vitu vidogo.

Chukua mfano wa kile kijistari chekundu kinachojitokeza katika kipimo cha haraka cha malaria. Wekundu ule aghalabu hutokana na chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizo zikigandamana, wekundu hugeuka zambarau na kipimo huweza kusema uongo.

Je, ukubwa huo hujulikanaje? Wengi huridhika na wastani. Lakini mfugaji akijumlisha urefu wa ngamia na wa mbuzi, kisha akagawanya, atapata mnyama asiyekuwamo zizini. Ndiyo maana wataalamu humulika majimaji kwa leza na kufuata mwendo wa kila chembe: iliyo ndogo huhangaika upesi, iliyo kubwa hujikokota. Kutokana na mwendo huo ukubwa wa kila moja hukokotolewa, kwa msingi wa hesabu aliyoieleza Albert Einstein mwaka 1905.

Wapo watakaoniuliza: shule zenye uhaba wa darubini zina haja gani na nanomita? Jibu limo katika historia yetu. Mwishoni mwa 1997, baada ya mvua za El Niño, homa ya Bonde la Ufa iliangamiza watu na mifugo Garissa. Sampuli zilipelekwa Afrika Kusini na Marekani ili ugonjwa utambuliwe. Maradhi hayangoji majibu ya ng'ambo.

Sidai kila shule inunue leza. Ninachodai ni kwamba wanafunzi wafundishwe udanganyifu wa wastani kwa mifano ya zizini, na vyuo vikuu vyetu vikague chembe za vipimo vinavyosafirishwa kuja kwetu katika joto kali. Mama aliyembeba mwana mwenye homa hapewi wastani wa vipimo elfu. Hupewa kimoja tu, nacho sharti kiseme kweli.

Usisafirie nyota ya mwenzio.