Taa Fupi za Reli

Wengi wetu tukisikia ishara za reli huwaza mlingoti mrefu wenye taa nyekundu na kijani. Lakini hebu, msomaji, tuzitazame zile fupi za Uingereza, zilizowekwa chini kando ya reli kuongoza treni inayopanga mabehewa. Hizo hazina kijani. Nyeupe mbili zikikaa mshazari, dereva apite. Nyekundu mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, asimame.

Zamani ishara ya kusimama ilikuwa nyekundu moja na nyeupe moja, na nyeupe hiyo hiyo ilitumika pia katika ishara ya kupita. Kwa maoni yangu, ilifaa kabisa kubadilishwa. Balbu nyekundu ikiungua hubaki nini? Nyeupe peke yake! Najua mtasema kanuni yao humwamuru dereva asimame aonapo ishara yenye kasoro. Sawa, lakini dereva ni binadamu, bwana, na kuna usiku, ukungu na haraka. Kwa nyekundu mbili, moja ikizima, nyingine bado inamkataza.

Tena hata nyeupe mbili hazimwahidi njia tupu. Aende polepole akitazama, maana mbele huenda kuna mabehewa yamesimama, na mtu katikati anayaunganisha.