Kondoo wa Majabali na Haki ya Kunywa

Mwezi huu twapenda kuzungumza na vijana, hasa wale waliojaaliwa kuwa na kamera, au simu yenye kamera nzuri, na miguu isiyochoka upesi. Mazungumzo yetu yahusu kiumbe aishiye mbali na pwani zetu, katika jangwa la kusini mwa California, nchini Marekani. Kiumbe huyo ni kondoo wa mwitu, na watu husafiri mwendo mrefu ili wapate kumwona na kumpiga picha.

Mahali penyewe paitwa Anza-Borrego. Ni hifadhi yenye ekari zipatazo 600,000, na kutoka mji wa San Diego, ambako siku hizi wanaishi jamaa wengi waliotoka Afrika ya Mashariki, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa motokaa. Nusu ya jina hilo yatokana na Juan Bautista de Anza, askari wa Kihispania aliyepita huko mwaka 1774. Nusu ya pili, borrego, ni neno la Kihispania lenye maana ya mwana wa kondoo. Basi hata jina la nchi lashuhudia kwamba kondoo ndiye mwenyeji.

Kondoo huyu si kama yule tumchinjaye siku ya Idi. Hana sufi ndefu. Manyoya yake ni mafupi, na rangi yake ni ile ile ya mawe anayoyakanyaga. Dume ana pembe nene zilizojipinda mpaka karibu na shavu, nazo haziangushwi kila mwaka, bali huendelea kukua muda wote wa maisha yake, na mistari iliyomo ndani yake humwonyesha mjuzi umri wa mnyama. Jike ana pembe fupi na nyembamba. Kwato zao ni ngumu ukingoni na laini chini, zashika mwamba hata wakapanda genge ambalo mtu hathubutu kulitazama. Na macho yao ni makali: aghalabu yeye amekwisha kukuona kabla wewe hujajua kwamba yupo.

Walakini kiumbe huyu aliyeumbwa imara hivi alikaribia kutoweka. Mwaka 1996 kondoo waliosalia katika milima hiyo, upande wa Marekani, walikadiriwa kuwa 280 tu. Mwaka 1998 serikali ya nchi hiyo ikawatia katika orodha ya wanyama walio hatarini. Sababu zilikuwa nyingi: maradhi yaliyotoka kwa mifugo, simba wa milimani waitwao puma, na barabara na majumba yaliyokata njia zao za kale. Tangu hapo wameongezeka, lakini wangali katika orodha hiyo.

Sasa tufike penye shina la maneno yetu. Wakati wa kiangazi joto la jangwa hilo hupita digrii 40. Kondoo aweza kukaa siku kadhaa bila kunywa, naye huvunja mipungate kwa pembe na kwato ili ale nyama yake yenye majimaji. Lakini jua likizidi, na hasa jike anyonyeshaye, hana budi kuteremka kwenye chemchemi. Chemchemi zenyewe ni chache na ziko mbalimbali. Na kila mpiga picha ajua kwamba palipo na maji, hapo ndipo kondoo atakapofika.

Hapa ndipo penye mtihani. Mtu aweza kujiketisha kando ya maji, kamera mkononi, akidhani kwamba hana alifanyalo ila kungoja. Juu ya genge jike amesimama na mwanawe. Amemwona mtu, basi hateremki. Yapita saa moja, zapita mbili. Mwishowe ageuka na kurudi mlimani na kiu yake, na mwanawe nyuma yake. Mpiga picha arejea nyumbani akilalamika kwamba hakubahatika. Lakini hasara yake ni picha tu, na ya yule mnyama yaweza kuwa roho.

Huenda kijana akasema: “Mimi ni mtu mmoja, nitakaa saa moja tu, nitadhuru nini?” Jawabu ni kwamba kila ajaye husema hivyo hivyo. Mmoja aketi asubuhi, wa pili adhuhuri, wa tatu alasiri, na siku yote ya kondoo imekwisha.

Wenyeji wa hifadhi hiyo wamelitambua jambo hili. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Juni mpaka tarehe 30 Septemba, bonde liitwalo Coyote Canyon hufungwa, asiingie mtu kwa gari, wala kwa farasi, wala kwa miguu, ili kondoo wapate kunywa kwa amani. Kwetu sisi jambo hili si geni. Wanavyuoni wetu waliandika tangu zamani juu ya haki ya kunywa, kwamba mwenye kisima hana ruhusa ya kuyazuia maji yaliyozidi haja yake yasimfikie mwenye kiu, awe mtu au mnyama. Na nani katika nyumba zetu asiyekijua kisa cha mtu aliyemteremkia mbwa kisimani?

Je, picha isipigwe? La, ipigwe, lakini kwa adabu yake. Enenda katika miezi ya baridi, ambapo kondoo hawabanwi na kiu. Ipo njia ya Borrego Palm Canyon, yapata kilomita tano kwenda na kurudi, iishiayo penye mitende ya porini, na watu wengi wamewaona kondoo hapo. Anza alfajiri, baada ya sala. Chukua maji yasiyopungua lita nne kwa kila mtu kwa siku, na uwaarifu watu wako njia utakayofuata, kwani simu aghalabu haishiki katika mabonde hayo. Usikae penye maji. Tafuta kwa darubini kiraka cheupe kilicho nyuma ya mnyama, nawe tega sikio, kwani mara nyingi vijiwe viporomokavyo ndivyo vitoavyo habari yake. Tumia lenzi ya masafa marefu badala ya miguu. Usipande ukawa juu yake, kwa maana yeye hukimbilia juu, na akikuona huko huona kwamba njia ya kuokoka imezibwa. Akiacha kula, akainua kichwa na kukukazia macho, ujue kwamba umefika mpaka wako, rudi nyuma. Na ukiwasambazia watu picha ya wana-kondoo, usitaje genge walipozaliwa.

Nanyi wazazi, mtoto wenu akiwaleteeni picha ya mnyama wa mwitu, msiitazame kwa uzuri wake tu. Angalieni: ikiwa kichwa kimeinuka, masikio yamesimama, na mtoto amejibana ubavuni mwa mama, hiyo ni picha ya hofu, na hofu hiyo ililetwa na aliyeshika kamera. Lakini ikiwa mama amelala juu ya mwamba akicheua, na mwanawe anaruka-ruka jirani naye, basi msifuni mtoto wenu, kwa kuwa alipita katika nchi ya wengine wala hakuwaondolea raha yao.

Mpaka mwezi ujao, inshallah.