Mabadiliko ya Kanisa Hayaanzi na Vipaza Sauti

Kila vijana tunapokutana kanisani kwetu hapa Uganda, hakosi mzee wa kusimama na kutuambia kwamba sisi ni kanisa la kesho. Tunapiga makofi, kisha tunatoka nje tukinung'unika kwamba kesho hiyo haifiki, kwa sababu wazee wameshikilia viti, funguo na daftari la fedha. Nimeshiriki manung'uniko hayo kwa miaka. Leo nataka kuyapinga, nikianza na mimi mwenyewe.

Nilipokuwa mhazini wa umoja wa vijana, tulidai mabadiliko. Tulitaka vipaza sauti vipya, kinanda cha umeme, ibada fupi na nafasi mbili katika halmashauri ya kanisa. Tulivipata vyote. Lakini tuliponunua kinanda, niliandika bei iliyozidi kwa shilingi 60,000, nikajilipia kodi ya chumba. Hakuna aliyegundua. Jumapili iliyofuata niliongoza maombi ya kuwaombea viongozi wa nchi waache ufisadi. Nyani haoni kundule! Baada ya miezi minne nilizirudisha fedha hizo na kuwaeleza wenzangu. Wawili kati yao hawajanisalimia hadi leo, na siwalaumu.

Hoja yangu ni hii: anayetaka kuongoza mabadiliko kanisani huku yeye mwenyewe hajalelewa kiroho, anahamisha viti tu. Malezi ninayoyasema ni mazoea ya kila siku: kusali, kulisoma Neno, kuungama kosa mbele ya watu wanaokufahamu, na kumrudishia mtu ulichomdhulumu. Mambo haya hayapigiwi makofi.

Najua jibu litakalotolewa. Wenzangu watasema kwamba kumwambia kijana ajichunguze kwanza ni njia ya kumnyamazisha, na kwamba wazee wataifurahia sana hoja hii. Ningekubali, kama historia ya kanisa letu isingeonyesha kinyume chake.

Mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliouleta hawakuwa na bajeti. Walikuwa na vikundi vidogo ambamo mwalimu, mpishi na mmisionari waliungama dhambi zao kwa sauti. Hebu fikiri maana yake katika enzi ya ukoloni: Mzungu anasimama mbele ya Waafrika na kuomba msamaha kwa kiburi chake. Mabadiliko hayo hayakupitishwa na kamati yoyote.

Wala watu hao hawakunyamaza. Mwaka 1941, wanafunzi wa chuo cha theolojia cha Mukono walikuwa wakikutana alfajiri kuomba, na wakakemea wizi na uasherati chuoni. Mkuu wa chuo aliipiga marufuku mikutano ile. Walikataa kuiacha, na wanafunzi 26 wakafukuzwa, akiwemo William Nagenda. Nagenda hakuwahi kupata upadri, ila alihubiri katika nchi nyingi. Wengi wa Balokole, yaani waliookoka, hawakulihama kanisa lililowakataa. Miaka 25 baadaye, mwaka 1966, Erica Sabiti, aliyetoka katika uamsho huohuo, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu mkuu wa kanisa letu. Mrithi wake, Janani Luwum, naye aliokoka katika uamsho, mwaka 1948. Mwezi Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na dhuluma. Tarehe 16 mwezi huo akauawa. Je, mtu aliyezoea kujidanganya angeweza kumwambia dikteta ukweli? Sidhani. Ujasiri ule ulilelewa miaka mingi kabla ya barua kuandikwa.

Hata hivyo, ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Rwanda ilikokuwa Gahini ndiyo Rwanda ambako, mwaka 1994, watu waliuawa ndani ya makanisa waliyoyakimbilia. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao, lakini wapo waliobatizwa walioshika mapanga. Kwa maoni yangu, somo la jambo hilo ni zito: ungamo linaweza kugeuka desturi. Mtu anaungama kwamba alikunywa pombe au alimsengenya jirani, huku chuki ya ukabila ikibaki salama moyoni kwa sababu hakuna anayeiita dhambi. Malezi yanayogusa makosa madogo tu ni malezi ya nusu. Nasi hapa Uganda tujiulize ni mara ngapi kura ya kumchagua askofu imepigwa kwa hesabu ya makabila, kisha tukaimba zaburi.

Kwa hiyo nawaambia wahadhiri wetu wa theolojia: mnatupima kwa Kigiriki na historia ya kanisa, na ni vizuri. Lakini mtu anaweza kufaulu yote hayo bila kuulizwa hata siku moja anavyoishi na mwenzake wa chumbani. Ketini nasi, nanyi pia muungame. Nawaambia wazee wa makanisa: msiitumie hoja yangu kama kufuli. Anayemtaka kijana ajichunguze, naye afungue daftari la fedha mbele ya waumini.

Na kwenu wanafunzi wenzangu: kabla ya kuandika barua nyingine ya madai, tafuteni wenzenu wanne mnaoaminiana. Kutaneni kila wiki. Semeni mlichoiba, mnayemchukia na kabila mnalolidharau. Halafu nendeni mkadai mabadiliko, tena kwa nguvu zote. Mimi na wenzangu wanne tulianza muhula uliopita, katika chumba kisicho na kinanda wala kipaza sauti. Ni vigumu kuliko siasa zote za halmashauri nilizowahi kuziona, na juma hili zamu ya kuanza kusema ni yangu.