Kufahamisha si Kutangaza

Mwaka 2023 nilipanda ndege Goma kwenda Kinshasa. Nimeketi kando ya mama mmoja wa Masisi, amempakata mjukuu wake wa miaka mitatu hivi. Sauti iliyorekodiwa ikaanza maelezo ya usalama kwa Kifaransa, ikarudia kwa Kiingereza, ikanyamaza. Mama akanigeukia: "Mutoto yangu, ile sauti inasema nini?"

Nikajitia kutafsiri. Mkanda ulikuwa rahisi, maana kwetu unaitwa mukaba na kila mtu anaujua. Milango ya dharura nilimwonyesha kwa kidole. Nilipofika kwenye barakoa ya oksijeni nikasema kama tulivyofundishwa darasani, neno kwa neno: ikishuka, jivalishe wewe kwanza, ndipo umvalishe mtoto. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mi nijivalishe kwanza, mutoto akufe?"

Sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi. Upatanisho ulikuwa sawa, msamiati sawa. Ila nilimwagiza mama afanye jambo ambalo hakuna bibi wa Masisi angelifanya, wala sikumpa sababu. Sababu yenyewe ni kwamba ndege ikipoteza hewa ikiwa juu sana, mtu hubaki na akili timamu kwa chini ya dakika moja. Bibi anayehangaika na mtoto huzimia kabla hajamaliza, na hapo wote wawili hawana wa kuwasaidia. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kanuni za usafiri wa anga zimeijali lugha sana, lakini lugha ya rubani. Tarehe 12 Novemba 1996 ndege mbili ziligongana angani karibu na Charkhi Dadri, India, watu 349 wakafa, na udhaifu wa Kiingereza wa marubani wa ndege mojawapo ukatajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likaweka viwango sita vya umahiri wa lugha, na kuanzia 2008 likataka marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wafikie angalau cha nne. Abiria naye anatajwa: kanuni zinataka afahamishwe mkanda, mlango na barakoa. Sisi wa isimu tusiipite hivihivi kauli hiyo ya kutendesha. Kufahamisha ni kumfanya mtu afahamu. Aliyewasomea watu maneno wasiyoyaelewa ametangaza tu.

Wapo watakaosema kwamba apandaye ndege Kongo anajua Kifaransa. Hao hawajafika Walikale. Pale barabara inapogeuka tope, au inapofungwa na vita, ndege si anasa. Hupandwa na mgonjwa na mchuuzi. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara huko Kilambo, Walikale, kubeba kasiteriti ya Bisie kwenda Goma. Na Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sijui ni heshima gani hiyo, ya lugha ya taifa isiyoweza kumwambia mtu mlango uko wapi.

Zamani kisingizio kilikuwa wahudumu: huwezi kumpata mmoja anayezungumza lugha zote za abiria. Kisingizio hicho kimekwisha. Leo kompyuta inatafsiri na inatoa sauti inayofanana na ya mtu, kwa gharama ndogo. Naifurahia teknolojia hiyo, na naiogopa. Kiswahili chake ni cha Dar es Salaam na Nairobi. Maandishi ya Kihunde, Kinyanga na Kikomo iliyojifunzia ni machache mno, lakini haikosi jibu. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS huku kwetu Kivu ya Kaskazini. Kuna mawimbi kuzibwa, chombo kikakaa kimya na rubani akajua kimekufa. Na kuna chombo kudanganywa, kikaonyesha mahali pasipo penyewe bila kusita. La pili ndilo baya zaidi. Tafsiri fasaha yenye makosa iko upande huo. (Istilahi za kutofautisha mambo hayo mawili bado hatuna. Napendekeza "kuziba" na "kughilibu". Mwenye bora zaidi alete.)

Kwa hiyo mashine iandike rasimu, lakini rasimu isipande ndege kabla haijapelekwa kwa wasikilizaji. Asomewe mtu wa Masisi mara moja tu, kama abiria anavyosikia, kisha aombwe aeleze atafanya nini na kwa nini. Akisema "mutoto akufe?" tunarudi mezani. Kazi hiyo haihitaji maabara, na tasnifu ngapi za kitivo hiki zimejaa orodha za istilahi ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu kwa msikilizaji hata mmoja!

Nimeanza na sentensi ya barakoa. Ya Kiswahili cha Kivu ninayo katika matoleo matatu, na la tatu, linaloanza na sababu kabla ya amri, ndilo walilolielewa jamaa zangu nyumbani. Ya Kihunde bado naisahihisha na mama yangu kwa simu. Wasemaji wa Kinyanga na Kikomo mliomo kitivoni, nawaomba mnitafute. Jumatano mchana huwa niko maktaba.