'Mtandao uko chini', kauli inayowagharimu wenye maduka

Ni kauli iliyozoeleka sasa katika maduka ya pembejeo na chakula cha mifugo pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Kuanzia Mbagala na Tandika huko Temeke hadi Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, mteja hufika kaunta, muuzaji hubonyeza kompyuta mara mbili tatu, kisha humwambia: "Mtandao uko chini, subiri kidogo."

Kidogo hicho huweza kuwa saa moja au siku nzima. Mfugaji aliyepanda daladala kutoka Mkuranga kufuata mifuko miwili ya chakula cha kuku wa mayai hurudi mikono mitupu, au huvuka barabara na kununua kwa mshindani. Kuku hawana habari na mtandao. Wakikosa chakula hupunguza kutaga.

Hasara ya muuzaji nayo si ndogo. Chukua mfano wa duka linalouza mifuko 40 kwa siku na kupata faida ya Sh2,000 kwa kila mfuko. Siku moja ya kompyuta kugoma ni Sh80,000, kabla ya kuhesabu wateja ambao hawatarudi tena na malipo ya fundi.

Hata hivyo, mara nyingi mtandao unaolaumiwa hauko chini. Kama ambavyo si kila homa ni malaria, si kila kompyuta inayogoma imekosa intaneti.

Duka lenye kaunta mbili au tatu kwa kawaida huwa na kompyuta moja, iliyopo ofisini au stoo, inayotunza kanzidata, yaani daftari la kielektroniki la bei, mzigo na madeni. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Kaunta na seva zikiwa chini ya paa moja, huzungumza kwa waya au kwa ruta ya dukani. Hazihitaji bando.

Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ilidorora nchini na katika nchi jirani. Siku kama hiyo, huduma zinazotegemea seva iliyo nje ya nchi lazima ziyumbe. Lakini programu ya mauzo ambayo seva yake ipo chumba cha pili haipiti baharini. Mwenye duka anayekimbilia kununua bando wakati seva yake ipo stoo anatibu mguu ilhali jino ndilo linalouma.

Dawa ya kwanza, kwa hiyo, ni kusoma kilichoandikwa kwenye kioo badala ya kukifunga haraka. Ujumbe wa kosa husema mawasiliano yamekatikia wapi.

Mathalan, MySQL ni kanzidata ya bure inayotumiwa na programu nyingi duniani. Inapotoa kosa namba 2003, maana yake kaunta imeshindwa kuifikia seva. Kwenye Windows, namba hiyo mara nyingi hufuatwa na nyingine kwenye mabano, ama 10060 ama 10061. Kosa namba 1045 ni jambo tofauti kabisa.

Tofauti hizo zinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupiga hodi. Katika 10060 mgeni amepiga hodi, hakujibiwa na mtu, pengine hata nyumba siyo. Katika 10061 nyumba ipo, lakini mlangoni hakuna wa kupokea. Katika 1045 mwenyeji ametoka, amemtazama mgeni na kusema, "Wewe sikutambui."

Kwa kosa la 10060, muuzaji aanze na vitu vya bure. Je, seva imewashwa? Waya umechomoka? Taa za swichi zinawaka? Kaunta ya pili inafanya kazi? Ikiwa kaunta moja tu imegoma, seva haina kosa. Zikigoma zote, ugonjwa uko kwenye seva au kwenye swichi.

Chanzo kingine ni kukatika kwa umeme. Umeme ukirudi, ruta huweza kuigawia seva anwani mpya. Jana ilikuwa 192.168.1.10, leo ni 192.168.1.14, na kaunta inaendelea kupiga hodi kwenye nyumba ya zamani. Fundi akiipa seva anwani ya kudumu, kazi ya dakika chache, kosa hilo halitarudi. Aidha, ruta ikibadilishwa, ulinzi wa Windows unaoitwa faiawoli huweza kuuona mtandao wa duka kuwa mgeni na kufunga mlango wa kanzidata, ambao kwa MySQL kwa kawaida ni namba 3306.

Kosa la 10061 mara nyingi huonyesha kuwa kompyuta ya seva imewaka lakini kanzidata yenyewe haikuamka, jambo linaloweza kutokea umeme unapokatika ghafla katikati ya kazi. Hapa fundi aiwashe huduma hiyo, na ikigoma asome kumbukumbu zake za makosa kabla ya kugusa kitu kingine.

Kwa kosa la 1045, kubadilisha waya au kununua ruta mpya ni kutupa fedha. Mawasiliano ni mazima. Kinachotakiwa ni jina na neno la siri sahihi, na yeyote aliyelibadilisha aulizwe.

Jambo la hatari zaidi ni fundi anayefika na dawa moja kwa kila ugonjwa: kufomati. Wafugaji wengi huchukua chakula kwa mali kauli na kulipa baada ya kuuza mayai au kuku. Madeni hayo yamo ndani ya seva. Seva ikifomatiwa bila nakala, muuzaji hubaki akibishana na wateja wake kwa kumbukumbu ya kichwani, na mfugaji mwaminifu aliyekwishalipa huweza kudaiwa mara ya pili. Hakuna mtu anayepaswa kugusa seva kabla nakala ya kanzidata haijawekwa kwenye diski ya nje.

Yupo pia fundi anayezima ulinzi wote na kuipa kila kaunta neno la siri la msimamizi mkuu ili "mambo yaende". Ni kweli yataenda. Lakini huko ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

Wapo watakaosema duka dogo halihitaji haya, daftari la karatasi linatosha. Kwa duka lenye wateja wachache, ni kweli. Lakini aliyekwisha kutoa fedha kununua kompyuta na programu ameshafanya uamuzi, na mtaji huo hauna faida kama unasimama kila umeme unapokatika.

Umefika wakati wenye maduka wabadili namna ya kuwalipa mafundi. Kabla ya malipo ya mwisho, fundi akabidhi karatasi yenye anwani ya seva, namba ya mlango, utaratibu wa kutoa nakala na majina ya watumiaji. Maneno ya siri yafungiwe kwenye bahasha kabatini. Seva, swichi na ruta viunganishwe kwenye UPS. Kando ya kaunta liwepo daftari la kuandika tarehe, saa, namba ya kosa na kilicholitibu.

Wauzaji wa programu nao wana deni. Programu inayouzwa Tandika haina sababu ya kumtupia muuzaji sentensi ndefu ya Kiingereza. "Seva haionekani, angalia waya" na "Neno la siri si sahihi" ni maneno machache, na yangeokoa siku nyingi za biashara.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye duka la pembejeo, kuziba ufa kunaanza na kuinakili namba iliyo kwenye kioo kabla ya kumwambia mteja kwamba mtandao uko chini.